Mkono unaokufa ganzi usiku: mwongozo kwa wabanguaji, mafundi na wote wanaokula kwa jasho la mikono

Unaamka saa nane za usiku, mkono umekufa ganzi, vidole vinachomachoma kama vimeingiwa na siafu. Unaukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, unauning'iniza ukingoni mwa kitanda, ganzi inapungua, unalala tena. Kesho yake yale yale. Kama hali hii unaijua, mwongozo huu nimekuandikia wewe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi. Ganzi ilinianza mwaka niliopata kazi ya kushona sare za shule, nikawa nakata vitambaa kwa mkasi kuanzia asubuhi mpaka taa zinawashwa. Kwa miezi minane nilikuwa mteja wa duka moja la dawa. Kila nikienda napewa vidonge vya maumivu, naambiwa ni baridi yabisi, naambiwa ni uchovu. Siku moja nilimsindikiza jirani kituo cha afya, tabibu akaniona najisugua kiganja, akaniuliza: "Mama, ni vidole vipi hasa vinavyokufa ganzi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikahesabu mbele yake: dole gumba, cha shahada, cha kati. Kidole cha mwisho hakina shida. Akatikisa kichwa, akaniambia tatizo langu lina jina na lina tiba.

Nitakueleza kwa lugha ya cherehani, maana ndivyo nilivyolielewa mwenyewe. Fikiria upindo wa kiunoni wa kaptula, ule unaopitisha kamba. Kwenye kifundo cha mkono una upindo wa namna hiyo: chini yake kuna mifupa midogo 8 iliyojipanga kama bakuli, juu yake umepita ukanda mgumu usiovutika. Ndani ya upindo huo zinapita kano 9 zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu, laini kuliko vyote. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu, nafasi inakuwa finyu na anayeumia ni yule laini. Hospitali wataandika herufi tatu tu kwenye faili lako: CTS, kifupi cha jina la Kiingereza carpal tunnel syndrome, yaani kubanwa kwa mshipa ndani ya handaki la kifundo, ndio huo upindo wetu. Usiogope ukiziona.

Hatua ya kwanza: tazama ni vidole vipi

Mshipa huo unahudumia dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayotazamana na cha kati. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine unaopita njia nyingine. Basi usiku ukiamka, kabla hujakung'uta, washa taa ya simu, gusa kidole kimoja kimoja. Asubuhi chora kiganja chako kwenye karatasi, utie rangi pale penye ganzi. Karatasi hiyo nenda nayo hospitali.

Jaribio la nyumbani ni hili. Kutanisha migongo ya viganja vyako viwili, vidole vikielekea chini, viwiko umevitanua pembeni. Kaa hivyo sekunde 60. Ganzi au mchomo ukija kwenye vidole nilivyotaja kabla dakika haijaisha, ni dalili kwamba mshipa umebanwa. Jingine ni kugonga taratibu kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo, upande wa kiganja. Wengine husikia kama shoti ya umeme inakimbilia vidoleni. Majaribio haya yanaweza kukosea, yanaweza kukataa na ugonjwa upo. Ni ya kukupa mwanga tu.

Kisha weka viganja viwili juu ya meza, utazame ule mnofu ulio chini ya dole gumba. Linganisha. Kama upande mmoja umebonyea, umekuwa bapa, au unashindwa kushika sindano, kufunga kifungo, kuokota shilingi iliyo sakafuni, ruka hatua zote za katikati uende hospitali wiki hii. Hapo mshipa umeshaanza kuumia kweli, na msuli ukishanyauka sana haurudi wote.

Hatua ya pili: hakikisha si kitu kingine

Hapa sitaki upite haraka. Ganzi ina mama zake wengi.

Ganzi ikianzia nyayo, miguu yote miwili, kisha ikapanda na mikononi kama umevaa soksi na glavu, hiyo mara nyingi si ya kifundo. Pima sukari. Anayetumia dawa za kifua kikuu amwambie mhudumu wake, kwa sababu isoniazidi inaweza kuleta ganzi na kuna vitamini B6 ya kuizuia. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Ganzi inayoshuka kutoka shingoni ukigeuza kichwa ni ya uti wa mgongo wa shingo. Ganzi ya kidole cha mwisho peke yake ni ya mshipa unaopita kwenye kiwiko, pale ukijigonga unaposikia shoti.

Ukoma bado upo Tanzania, nasi watu wa kusini tusiuonee aibu kuutaja. Ukiwa na baka kwenye ngozi lililofifia rangi au kuwa jekundu na halisikii ukiligusa, pamoja na mkono wenye ganzi, nenda ukapimwe. Dawa zake hutolewa bure na ugonjwa unapona. Ulemavu ndio unaobaki kwa aliyechelewa.

Na ganzi iliyokuja ghafla, upande mmoja wa mwili, mdomo umepinda au maneno hayatoki vizuri, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Hicho ni kiharusi.

Hatua ya tatu: tiba ya usiku

Kama ungeniomba nikuachie jambo moja tu katika haya yote, ningekuachia hili. Sisi tukilala tunakunja vifundo. Wengine tunaweka mkono chini ya shavu, wengine tunaukumbatia kifuani. Kifundo kikikunjwa, kule ndani msongo unapanda, na mshipa unabanwa saa sita, saa saba mfululizo. Ndiyo maana usiku ndio unaoumiza. Dawa yake ni kukilaza kifundo kimenyooka, kila usiku, kwa wiki 6 angalau.

Kifaa chake huitwa banzi. Ukienda idara ya mazoezi tiba kwenye hospitali ya mkoa, uliza kama wanatengeneza. Madukani pia yapo yale ya kitambaa yenye bamba la chuma ndani. Ukinunua hilo, angalia kitu ambacho wauzaji hawakuambii: mengi yamekunjwa yanapindisha mkono kuelekea nyuma. Vuta lile bamba, linyooshe kwa mkono, ulirudishe. Kifundo kinatakiwa kiwe kama unataka kumpa mtu mkono wa salamu, kimenyooka, hakikwenda mbele wala nyuma.

Kama huna hela, tengeneza. Mimi langu la kwanza nilitengeneza kwa boksi gumu, nikalikunja matabaka manne, upana wa kiganja changu. Urefu wake unaanzia katikati ya kiwiko na kifundo mpaka kwenye mstari wa kiganja ulio chini ya vidole, usivuke hapo, ili vidole vyote vikunjike na ngumi ifumbe. Nikalizungushia kipande cha khanga kuukuu ili lisichubue. Unaliweka upande wa kiganja, unafunga kwa bendeji kuanzia chini kupanda. Ukimaliza, bonyeza ukucha: ukiwa mweupe kisha ukarudi mwekundu haraka, umefunga vizuri. Vidole vikivimba, vikipoa au ganzi ikizidi, umekaza mno, fungua ufunge upya.

Usiku wa kwanza utaudhika. Joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili unalijua, na kitambaa mkononi kinaleta jasho. Nilikuwa natia poda kidogo, na kila asubuhi naanika ile khanga juani. Usiku wa tatu au wa nne nililala mpaka adhana ya alfajiri, nikakaa kitandani nikiutazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Si wote wanapata nafuu upesi hivyo. Wengine ni wiki ya tatu. Usikate tamaa wiki ya kwanza.

Mchana usilivae muda wote. Mkono unaokaa umefungwa kutwa unakakamaa.

Hatua ya nne: badili namna ya kufanya kazi

Najua utaniambia, "Dada, nikiacha kubangua nitakula nini?" Sikuambii uache. Vinavyoumiza ni vinne: nguvu nyingi, kurudiarudia, kifundo kilichokunjwa, na mtikisiko. Huwezi kuviondoa vyote. Ondoa unachoweza.

Kubangua korosho. Yule anayeshikilia korosho kwa mkono wa kushoto na kugonga kwa wa kulia, mikono yote iko kazini: mmoja unabana kwa ncha za vidole, mwingine unapokea kishindo. Mama yangu mdogo, Newala, amebangua tangu ana meno ya utoto. Nilipomkalia pembeni siku moja nikimtazama, niliona jiwe lake la kugongea ni dogo, linambidi akaze vidole kulishika. Tukatafuta kigongo cha mti, tukakizungushia mpira wa tairi ya baiskeli mpaka kikajaa kiganjani. Chombo kinene kinashikwa kwa mkono mzima, chembamba kinabanwa kwa vidole. Akawa pia anaweka kibao cha kugongea juu zaidi, usawa wa tumbo, ili kifundo kisikunjwe. Kila ndoo ndogo ikiisha anabadili kazi: anamenya ganda la ndani, anapepeta, anachambua, ndipo anarudi kwenye kugonga.

Mashine za kupulizia salfa. Wakulima wetu wanazibeba kati ya mwezi wa tano na wa nane kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mtikisiko wa injini na mkono uliokaza bomba kwa saa nyingi ni mchanganyiko mbaya. Pokezaneni. Legeza mkono, bomba halitakimbia. Na anayerudi shamba na vidole vyenye ganzi asianze jioni hiyo hiyo kupasua kuni.

Mafundi wenzangu: noeni mikasi. Nasema kwa uchungu, kwa sababu mkasi butu ndio ulioniponza. Kitambaa cha suruali cha matabaka sita kwa mkasi butu ni mateso. Kata matabaka machache, simama ukikata, mkono wote usogee kutoka begani badala ya kuvunjika kwenye kifundo.

Nyumbani, mbuzi ya nazi na kukamua nguo ndizo nilizozitupia jicho. Nguo nzito sizikamui kwa kuzisokota, nazining'iniza zichuruzike. Nazi nawaachia watoto wakubwa, wa kiume na wa kike. Dereva wa bodaboda, ukisimama kituoni achia mshiko, nyoosha vidole, na tazama usiwe unaendesha kifundo kimekunjwa kuelekea nyuma safari nzima. Mchonga vinyago na tindo yake, shauri ni lile lile la mpini mnene na mapumziko.

Jambo moja la tahadhari kwa wapishi: mkono wenye ganzi hausikii moto. Nimeona vidole vilivyobabuka malengelenge na mwenyewe hana habari. Shika sufuria kwa kitambaa kila mara, na maji ya kukanda yapimwe kwa kiwiko au kwa mkono usio na ganzi.

Hatua ya tano: dawa, na yanayoitwa dawa

Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza maumivu ya siku moja mbili, ila hazifungui handaki. Mimi nilizimeza miezi minane na zawadi niliyopata ni vidonda vya tumbo. Zinaumiza pia figo, zinapandisha shinikizo la damu, na mjamzito asizitumie bila kuandikiwa. Vidonge vya vitamini B vinauzwa sana kwa ajili ya ganzi. Vinamsaidia aliyepungukiwa na vitamini hiyo, mshipa uliobanwa haviufungui.

Chale na kuchoma ngozi ili "kutoa ganzi" ninakuomba usikubali. Mishipa ya fahamu iko karibu mno na ngozi hapo kwenye kifundo. Kukandwa na bibi kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya, kwa mkono mwepesi, mradi asikandamize pale katikati panapouma.

Mazoezi ya kutelezesha kano yanasaidia kidogo, wala hayana gharama. Vidole vinyooke, kisha kunja ncha tu kama ndoano, nyoosha, funga ngumi, nyoosha, kunja vidole kwenye shina vikiwa vimenyooka kama meza, nyoosha. Rudia mara 5, asubuhi na jioni. Yakileta ganzi, punguza.

Hatua ya sita: hospitali

Wiki 6 za banzi zikipita bila nafuu, au ganzi imeacha kuja na kwenda ikawa ipo mchana na usiku, nenda. Anzia zahanati au kituo cha afya upate rufaa, hasa kama unatumia bima. Hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Ipo pia ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na za misheni za Ndanda na Nyangao ambazo watu wetu wamezizoea. Ulizia kabla ya kupanda gari siku ambazo daktari wa mifupa au wa upasuaji anaona wagonjwa. Nauli iliyopotea bure inauma kuliko ganzi.

Ukifika, usiseme "mkono unauma". Sema: vidole hivi, usiku, nikikung'uta inapungua, tangu mwezi fulani, kazi yangu ni hii. Toa ile karatasi. Omba upimwe sukari, maana kisukari kinauchokoza ugonjwa huu. Tezi ya shingo iliyolegea kazi, uzito mkubwa, baridi yabisi ya viungo na kuwahi kuvunjika kifundo navyo vinachangia. Wanawake tunaupata zaidi kuliko wanaume. Mjamzito aseme mimba ina miezi mingapi. Ganzi ya ujauzito huletwa na maji mwilini, hutulizwa na banzi, na kwa wengi huisha wiki au miezi baada ya kujifungua.

Daktari anaweza kukuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, pembeni ya mshipa. Mimi nilichomwa moja. Inauma kwa dakika, kisha nafuu inakuja ndani ya siku chache na inaweza kudumu wiki nyingi au miezi. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda siku kadhaa, apime mara kwa mara. Kwangu sindano hiyo, banzi na mkasi mkali vilitosha.

Hatua ya saba: upasuaji

Kwa mama mdogo havikutosha. Alikuja kwangu akiwa amechelewa, mnofu wa dole gumba umeshabonyea, glasi ya chai ikimponyoka mbele ya wageni. Alikuwa ameambiwa kijijini kwamba ukipasuliwa mkono unakatwa mishipa unapooza. Daktari alimchorea kwenye karatasi: kinachokatwa ni ule ukanda mgumu, basi, ili handaki lipanuke. Ni sindano ya ganzi mkononi, mgonjwa yuko macho, kazi yenyewe ni ya dakika chache, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupanga siku, hesabu msimu. Korosho zinaanza kuokotwa kwa wingi mwezi wa kumi. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, kazi nyepesi zinafuata, lakini kugonga, kulima na kubeba ndoo kunahitaji wiki 6 hadi 8, pengine zaidi. Anayepasuliwa mwanzoni mwa mwezi wa saba ataufikia msimu mkono una nguvu. Ila kama msuli umeshaanza kunyauka, usisubiri msimu wowote. Mikono yote miwili ikiumwa, omba waanze na mmoja, na ufikirie ni upi: kuna mkono wa kulia chakula na kuna mkono wa kujitawazia, na kwa wiki mbili mmoja hautakiwi kulowa.

Siku za mwanzo mkono ukae juu ya usawa wa moyo, juu ya mto au umefungwa begani kwa khanga. Vidole vichezeshwe tangu siku ile ile. Kidonda kikavu, hakiguswi na dawa ya miti wala majivu. Kikitoa usaha, kikiwa chekundu na moto, au homa ikija, rudi haraka. Kiganja kitauma pembeni mwa kovu ukikiegemea, na hilo linaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi, hakikuharibika.

Mama mdogo alilala usiku wa pili bila kukung'uta mkono. Ncha za vidole zilichukua miezi, na dole gumba halikurudi lote: sindano bado inamshinda. Sasa anachambua korosho, kugonga amewaachia wajukuu. Magauni yake nimeyafumua yote, nimetoa vifungo vidogo vya mgongoni, nikaweka zipu ya mbele yenye kitanzi cha utepe kinachopita kidole kizima, na mpini wa mwiko wake wa ugali nimeuvika kitambaa cha godoro mpaka umenenepa kama mhindi.